Kulilaza Tela la Kambi Msimu Mzima wa Mvua Bila Kuvu: Mwongozo kwa Nyanda za Juu Kusini

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Rungwe huendelea hadi Mei. Ndio msimu huohuo ambao matela ya kambi (vijumba vya kulala vinavyovutwa na gari) ya Iringa na Mbeya hayana safari, kwa sababu barabara za Ruaha zimejaa tope na Kitulo haikaliki kwa baridi na ukungu. Tela linaingia kulala likiwa zima. Baada ya miezi sita linafunguliwa, na harufu inayotoka ni ya gunia la viazi lililosahaulika stoo. Godoro lina madoa meusi upande wa chini, turubai lina vidoa kama pilipili manga iliyosagwa, na ukibonyeza plaiwudi ya pembeni mwa dirisha kidole kinadidimia.

Wenye matela wengi hulaumu mvua na kukimbilia kununua turubai kubwa la plastiki ili wafunike. Kwa tela lisilovuja, mvua ya nje ina lawama ndogo. Maji yanayoliharibu ni yale uliyoyafungia ndani siku ya mwisho ya safari, yakisaidiwa na tofauti ya joto kati ya mchana na usiku wa nyanda za juu. Ukielewa jambo hilo, utajua pia kwa nini turubai la plastiki huongeza tatizo.

Maji yanatoka wapi wakati kila kitu kimefungwa

Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi, ya baridi hubeba kidogo. Katika nyuzijoto 26, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba takriban gramu 24 za maji. Katika nyuzijoto 12 inabeba chini ya gramu 11. Chukua tela la urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kimo cha ndani cha karibu mita 1.9: lina mita za ujazo 15 hivi. Mchana limepigwa jua, hewa ya ndani iko nyuzijoto 26 na unyevu wa asilimia 60, yaani imebeba asilimia 60 ya maji inayoweza kubeba kwa joto hilo. Usiku anga linafunguka, bati linapoa hadi nyuzijoto 12. Hewa haiwezi tena kushika mvuke wote iliokuwa nao, na karibu gramu 60 za maji, yaani vijiko vinne vya mezani, zinatoka na kukaa mahali penye baridi kuliko pengine.

Mchana maji hayo yanageuka mvuke tena, na usiku yanarudi. Hayatoki ndani ya tela. Yanahama tu: kutoka kwenye godoro, mapazia na plaiwudi kwenda kwenye vichwa vya skrubu, fremu za alumini, pembe za dari na nyuma ya makabati, mahali ambapo hewa haipiti. Kuvu hujitengenezea makazi hapo. Haihitaji dimbwi. Uso ukikaa na unyevu wa asilimia 75 hadi 80 kwa siku kadhaa mfululizo, inaota. Kwenye kitambaa kilicholowa kabisa saa 24 hadi 48 zinatosha kuianzisha. Chakula chake ni vumbi, jasho, mafuta ya kupikia yaliyoruka ukutani, gundi ya plaiwudi na pamba ya turubai. Vumbi jekundu la barabara ya Ruaha, likichanganyika na jasho la usiku, ni shamba lililokwisha kulimwa.

Lengo lako liwe unyevu wa ndani usiozidi asilimia 60 kwa muda mrefu. Nunua kipima unyevu kidogo cha dijitali. Viwili ni bora zaidi, kimoja kikae chini ya kitanda na kingine juu karibu na dari. Kabla ya kukiamini, kipime. Jaza kizibo cha chupa chumvi ya kawaida, idondoshee matone machache ya maji mpaka iwe kama tope, kisha iweke pamoja na kipima ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa. Baada ya saa 8 hadi 12 kinatakiwa kusoma asilimia 75. Kikisoma 80, jua kwamba kinazidisha 5, na uandike hivyo kwa kalamu mgongoni mwake.

Mahali pa kulilaza

Kama una uchaguzi wa mji, lilaze Iringa na si Tukuyu. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka na ukungu wa kushinda. Iringa mjini haifikii hata nusu ya kiasi hicho. Kwa mwenye safari zake Ruaha hilo halina gharama yoyote, kwa maana mwakani ataanzia Iringa hata hivyo. Mbeya mjini, Mafinga na Njombe ni katikati: panawezekana, lakini panataka kazi.

Banda la mabati lililo wazi pande zote, lenye paa linalozidi tela kwa nusu mita au zaidi kila upande, ndilo bora kuliko vyote. Linazuia mvua na jua, na tofauti ya joto la mchana na usiku inapungua sana. Angalizo moja: bati jipya lisilo na dari hutoa jasho alfajiri na kudondosha matone. Kama pande ziko wazi upepo hukausha mapema, lakini kama umezungushia kuta tatu, weka dari nyepesi chini ya bati au acha nafasi ya kupitisha hewa juu ya kuta.

Kontena la chuma linapendwa kwa usalama wa wezi, na kwa unyevu ni kati ya sehemu mbaya kabisa. Kuta zake zinapoa haraka kuliko kitu chochote kilichomo ndani, na dari lake huwa kama kifuniko cha sufuria. Ukilazimika kulitumia, kata matundu ya hewa, mawili chini na mawili juu pande zinazokabiliana, na usiingize tela siku ya mvua.

Sakafu iwe saruji au kokoto. Nyasi na udongo mtupu hupumua mvuke kwenda kwenye tumbo la tela miezi yote sita. Kama huna saruji, tandaza karatasi nene ya nailoni ardhini, zidisha nusu mita kila upande, kisha mwaga kokoto sentimita 5 juu yake. Usilaze chini ya miti. Miti ya parachichi hudondosha majani mapana. Misindano, kwa walioko Mafinga na Sao Hill, ni mibaya zaidi, kwa kuwa sindano zake hupenya kwenye mifereji ya paa na kuiziba kabisa, na maji yanayokosa njia hutafuta kiungio.

Lipe tela mwinamo kidogo, sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea upande wenye matundu ya kutoa maji. Tumia pimamaji, usikadirie kwa macho. Ekseli iegemee stendi au matofali ya saruji yenye ubao juu yake, magurudumu yawekewe kabari, na breki ya mkono iachiwe. Ikiachwa imekazwa kwenye unyevu, viatu vya breki hushikana na ngoma kwa kutu.

Kazi ya Oktoba: kuzuia maji ya nje

Ukaguzi wa uvujaji ufanyike Septemba au Oktoba, kila kitu kikiwa kikavu. Gundi ya kuzibia haishiki juu ya mbao yenye unyevu. Kama ilipakwa mvua ya kwanza ikiwa imeshanyesha, itabanduka kabla ya Krismasi.

Mwagilia kwa mpira wa maji, wala usitumie mashine ya shinikizo, kwa sababu shinikizo huingiza maji hata pasipo na tatizo. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine aanze kumwagilia chini na kupanda polepole: kingo za sakafu, mlango, madirisha, kisha taa za juu, reli za pembeni, na mwisho matundu ya paa. Kila sehemu ipewe dakika 5, halafu msubiri dakika 10. Ukianzia juu maji yatashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kumbuka pia kwamba doa la ndani huwa mbali na tundu la nje. Maji hufuata boriti ya ukutani na yanaweza kutokea mita nzima kutoka yalipoingilia.

Ukiwa na kipima unyevu cha mbao chenye sindano mbili, choma kila sentimita 30 kando ya sakafu, pembe za madirisha na kona za dari. Chini ya asilimia 15 ni salama. Kati ya 15 na 20, weka alama ya chaki na upime tena baada ya wiki mbili za jua. Ikizidi 20, maji yanaingia, tafuta njia yake. Usichome palipo na karatasi ya alumini nyuma ya plaiwudi. Kipima kitasoma chuma na kukutia hofu ya bure.

Kiungio kilichopasuka kisipakwe gundi mpya juu ya ya zamani. Fungua reli, kwangua mabaki kwa kipande cha plastiki ngumu (kisu cha chuma huchuna alumini), futa kwa spiriti, acha pakauke. Tandika utepe wa mpira wa butili wa unene wa milimita 3, rudisha reli, kaza skrubu kuanzia katikati kwenda nje, kisha kata butili iliyosukumwa pembeni. Ukingo wa juu malizia kwa gundi ya poliyurethani na uiache saa 24 bila maji. Silikoni ya bafuni isitumike. Inang'aa na ni rahisi kupatikana, lakini hakuna kitu kitakachoshika juu yake siku ya kurudia kazi. Skrubu inayozunguka bila kukaza inakupa habari mbaya: mbao iliyo nyuma yake imeshaoza, na hapo fundi seremala anahitajika kabla ya gundi.

Lala chini uangalie tumbo la tela. Mawe ya barabara hutoboa rangi ya kinga, hasa nyuma ya magurudumu, na plaiwudi ya sakafu hunywa tope kutoka hapo. Kwangua, kausha, paka lami ya maji tabaka mbili.

Kukausha kabla ya kufunga

Hatua hii ndiyo inayoamua kila kitu, na ndiyo watu wanayoifanya kwa saa moja jioni ya kurudi safari. Itengee siku mbili kamili za jua.

Toa kila kinachonyonya maji: magodoro, mito, mapazia, mazulia, taulo, kamba, maboksi ya karatasi, ramani, vitabu. Vyakula vyote vitoke, pamoja na ule mfuko wa unga uliobaki robo, maana huleta panya, na panya huleta mkojo na matundu. Godoro lihifadhiwe ndani ya nyumba, lisimamishwe ubavu, lisigusane na sakafu ya saruji wala ukuta wa nje. Kama ni lazima libaki kwenye tela, lisimamishe lisilale. Kitanda cha ubao mzima kitobolewe matundu ya milimita 25 kila baada ya sentimita 15, ili hata wakati wa safari godoro lipumue chini. Kazi hiyo ni ya nusu saa kwa drili, na inaondoa madoa mengi kuliko dawa yoyote.

Kwenye maji: fungua koki ya kumwagia tangi, washa pampu kwa sekunde chache mpaka itoe hewa, kisha izime. Acha mabomba yote wazi. Toa maji yaliyobaki kwenye kona ya bomba la sinki, halafu ziba tundu kwa kitambaa ili mende na harufu visipande. Friji ioshwe kwa baking soda, kijiko kimoja cha mezani kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, ikaushwe, na mlango wake ushikizwe wazi kwa kipande cha ubao cha sentimita 4. Friji iliyofungwa huota kuvu hata Iringa.

Kuta na makabati yafutwe kwa sabuni ya maji kidogo, hasa nyuma ya jiko ambako mafuta yamerukia, kisha kwa kitambaa chenye maji matupu, kisha kwa kitambaa kikavu. Usiache povu, sabuni iliyokauka huvuta unyevu.

Turubai la hema lina sheria zake. Lipigwe brashi laini likiwa kavu kuondoa vumbi, lioshwe kwa maji matupu tu, bila sabuni ya unga, kwani sabuni huondoa dawa inayozuia maji kupenya. Lisimamishwe wazi. Kitambaa cha katikati kitakauka kwa saa tatu au nne za jua zuri na kukudanganya. Pachunguze kwenye mishono: hapo kitambaa kimekunjwa mara tatu au nne, uzi umevimba, na chini ya utepe wa zipu kuna unyevu usioonekana. Bana mshono katikati ya vidole viwili pamoja na karatasi ya shashi kwa dakika moja. Karatasi ikilegea au kuwa baridi kuliko hewa, bado. Geuza, acha siku ya pili. Mkeka wa chini wa hema ukaushwe pande zote mbili.

Ikitokea umelazimika kulikunja likiwa limelowa porini, lifungue ndani ya saa 24, hata kama ni chini ya kibaraza cha nyumba ya wageni Mafinga.

Mchana wa pili, funga tela saa moja nzima likiwa juani, kisha soma kipima unyevu. Kikionyesha chini ya asilimia 55 katika joto hilo, unaweza kuanza kulilaza. Kikipanda kuelekea 70, bado kuna kitu kinatoa maji. Fungua tena, na utafute kwanza chini ya zulia na ndani ya sanduku la vitanda.

Kuingiza hewa, na saa ya kuiingiza

Ushauri wa "acha madirisha wazi" unafaa nusu tu. Alfajiri Uyole, nje kuna ukungu, nyuzijoto 16 na unyevu wa asilimia 100: kila mita ya ujazo ya hewa hiyo ina karibu gramu 14 za maji. Ndani ya tela, nyuzijoto 15 na asilimia 85, kuna gramu 11. Ukifungua wakati huo unaingiza maji. Saa 5 asubuhi tela lililo juani limefika nyuzijoto 30, godoro na mbao zimetoa mvuke wake, hewa ya ndani ina gramu 20 kwa mita ya ujazo. Nje ni nyuzijoto 23 na asilimia 60, gramu 12. Ukifungua hapo, maji yanatoka yenyewe.

Kwa hiyo, kwa tela lililo nje: liache limefungwa lipate joto mpaka saa 4 au 5 asubuhi, fungua milango na madirisha yote, na ufunge kabla ya saa 8 mchana, mawingu ya alasiri yanapoanza kukusanyika. Chini ya banda joto halipandi kiasi hicho, lakini saa ni zilezile.

Pamoja na hayo yawepo matundu ya kudumu, moja chini na moja juu upande wa pili, kila moja la ukubwa wa kiganja, yakiwa na kifuniko cha kuzuia mvua na wavu wa chuma wenye matundu madogo. Wavu ni wa panya na wa nyigu wa matope pia. Hao hujenga viota ndani ya matundu ya hewa na mirija ya kutoa maji, na wiki mbili zinawatosha kuziba kila kitu. Makabati yote, droo na vifuniko vya masanduku vibaki wazi.

Feni husaidia sana kuliko watu wanavyofikiri. Feni ya kompyuta ya volti 12, milimita 120, inakula takriban ampea 0.2 tu. Ifunge kwenye tundu la juu ikitoa hewa nje, na uiunganishe na paneli ya jua ya wati 20 bila betri. Itazunguka jua linapokuwepo na kusimama yenyewe ukungu ukitanda, yaani inachagua saa zilezile ambazo ungechagua wewe. Usiiunganishe moja kwa moja na paneli, kwa sababu paneli ya volti 12 isiyo na mzigo hufika volti 20 na zaidi na kuichoma. Weka kipunguza volti kidogo katikati, kiwekwe kwenye volti 12.

Turubai la plastiki, kama bado unalitaka kwa ajili ya mvua ya upande, litandazwe juu ya fremu ya mirunda, liwe mbali na paa la tela kwa sentimita 30, na pembeni lisishuke zaidi ya nusu ya ukuta. Likigusa tela, jasho la usiku linabaki kati ya plastiki na ngozi yake, na pembe zinazopigapiga kwa upepo zinasugua rangi hadi bati.

Kwa Tukuyu na vijiji vya juu vya Rungwe na Makete, ambako ukungu hushinda siku nzima, hewa pekee haitoshi. Hapo ongeza joto kidogo. Hita ndogo ya mrija ya wati 60, iliyofungwa karibu na sakafu mbali na kitambaa, ikipandisha joto la ndani kutoka nyuzijoto 15 hadi 19, inashusha unyevu kutoka asilimia 90 hadi kama 70 bila kutoa tone moja la maji. Ikiwaka saa 12 za usiku inatumia takriban robo tatu ya yuniti. Mashine ya kukausha hewa ni bora zaidi, lakini angalia aina yake. Zile zenye kompresa hudhoofika joto likiwa chini ya nyuzijoto 15 na hugandisha barafu, kwa hiyo kwa baridi ya Njombe na Makete tafuta ile inayotumia kinyonya maji cha ndani. Chagua inayojiwasha tena baada ya umeme kukatika, na bomba lake la maji litoke nje. Mashine ikifanya kazi, matundu yafungwe, la sivyo utakuwa unakausha wilaya nzima.

Jiko la mkaa, la mafuta ya taa au la gesi lisiwashwe ndani ya tela kwa nia ya kukausha. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa kilo 1.6 za maji, na mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua mtu akiwa amelala.

Vinyonya unyevu

Bakuli la chumvi ya mawe linasifiwa sana. Chumvi huanza kuvuta maji hewa inapofika asilimia 75. Huo ndio mtihani wa kipima tuliofanya mwanzo. Maana yake inaanza kazi kuvu ikiwa imeshaanza yake. Mkaa hupunguza harufu, unyevu haupungui kwa kiasi cha kuhesabika. Mchele na pumba ni kualika panya.

Kinachofanya kazi ni kalisi kloridi, ile chembechembe nyeupe inayouzwa kwenye vikopo vya kunyonya unyevu. Kwa tela la mita za ujazo 15, vikopo viwili vya gramu 500 vinatosha kuanzia, na matundu yawe yamefungwa. Weka kila kikopo ndani ya beseni pana la plastiki sakafuni, kamwe si juu ya kabati. Maji yanayokusanyika ni ya chumvi kali, yanakula alumini na kutia kutu skrubu, na panya mmoja akiangusha kikopo umepata hasara kubwa kuliko kuvu. Mwaga kila baada ya wiki mbili.

Ziara za kila wiki mbili

Kuanzia Desemba hadi Aprili usipitishe wiki mbili bila kufungua tela. Ingia na pua yako kwanza: harufu huwahi kuliko doa. Soma vipima vyote viwili. Vikipishana zaidi ya asilimia 10, hewa haizunguki, sogeza vitu. Pitisha mkono nyuma ya makabati na chini ya ubao wa kitanda. Ondoa majani kwenye mifereji ya paa, chomoa viota vya nyigu kwa waya. Pima betri: ikishuka chini ya volti 12.4 ichajiwe. Baada ya mvua kubwa yenye upepo, usisubiri wiki mbili, nenda kesho yake. Uvujaji mpya ukiwahiwa siku hiyo ni kazi ya kitambaa na gundi, ukiachwa mwezi ni kazi ya kubadilisha ukuta.

Kuvu ikiwa imeshaota

Vaa barakoa ya N95, glavu na miwani. Mwenye pumu asiifanye kazi hii, na watoto wakae mbali. Fungua kila kitu, toa vitambaa nje. Kuvu ya ukutani usiipige brashi kavu, mbegu zake huruka na kwenda kuota kwingine, ilowanishe kwanza. Nyunyizia siki nyeupe ya asilimia 5 bila kuichanganya na maji, iache saa moja, futa, rudia kwa maji ya sabuni, kausha siku hiyohiyo. Vitambaa ulivyofutia vichemshwe au vitupwe.

Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe huondoa rangi ya doa juu ya plaiwudi, lakini haifiki ndani ya mbao, na maji yake yanailowanisha zaidi. Kwenye turubai hudhoofisha nyuzi na mishono. Kuichanganya na siki ni hatari ya kweli: hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Turubai lipelekwe nje, upepo ukiwa mgongoni kwako. Pangusa, kisha paka siki sehemu moja kwa maji sehemu nne kwa brashi laini, acha nusu saa, suuza sana, kausha kwa siku mbili kama ilivyoelezwa, halafu paka upya dawa ya kuzuia maji kwenye kitambaa na mishono. Doa la kijivu linaweza kubaki. Kama hakuna harufu na haliongezeki, ni alama tu, liache. Godoro la sponji lililoota kuvu hadi ndani halisafishiki. Foronya ifuliwe kwa maji ya moto, sponji itupwe. Na plaiwudi inayodidimia haitibiwi kwa siki: ikatwe hadi kufikia mbao ngumu, na asitangulie mtu kuweka mpya kabla tundu la juu lililoingiza maji halijapatikana.

Siku ya kulitoa, mwezi Mei au Juni, fungua milango na uliache nusu saa kabla ya kuingia. Kama wakati wa kulilaza uliziba matundu ya usalama ya gesi (yale yanayoitoa nje gesi ikivuja) ili mashine ikaushe, uwe umeyafungia vitambaa vyekundu vinavyoning'inia nje, na uvihesabu vyote mkononi kabla ya kurudisha mtungi na kuwasha jiko.